Kibichi kinawasha, kikipikwa hakina neno: kufuatilia chanzo cha mzio wa chakula

Mtu anakula kachumbari, midomo inaanza kuwasha na koo linakereketa. Kesho yake anakula nyanya zilezile zikiwa zimepikwa kwenye maharagwe, na hakuna linalomtokea. Wengi hapa Nairobi huishia kulaumu dawa ya shambani, au maji ambayo mama mboga alioshea. Inawezekana. Lakini tofauti hiyo kati ya kibichi na kilichopikwa ni fununu nzuri kuliko zote, kwa sababu inaonyesha mwili unakataa protini ya aina gani, na ukishajua hilo unajua pia kama hatari ni ndogo au kubwa. Kosa linaloumiza watu ni kuichukulia fununu hiyo kama dawa, yaani kuamini kwamba chakula chochote kikipikwa vizuri hakina tena mzio. Kwa njugu, samaki na kamba imani hiyo inaweza kuua.

Dalili zisizosubiri uchunguzi

Mwasho wa mdomoni peke yake si dharura. Dharura ni mtu akianza kuhema kwa shida au kifua kutoa mluzi, sauti ikikwaruza ghafla, ulimi ukivimba, akisikia kizunguzungu au akizimia, au mabaka yaliyovimba yakitapakaa mwilini huku anatapika. Mlaze chali na umwinue miguu. Akiwa anahema kwa shida, mwache aketi. Usimsimamishe wala kumtembeza hadi stejini, kwa sababu presha yake inaweza kuporomoka akisimama.

Dawa ni adrenalini, nayo inadungwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito: mtoto wa kilo 20 hupewa 0.2, na mtu mzima hazidishiwi 0.5, ambayo ni nusu mililita ya ile chupa ndogo yenye miligramu 1 kwa mililita. Asipopata nafuu baada ya dakika 5, inarudiwa. Setirizini na dawa nyingine za aleji hupunguza mwasho na mabaka tu, hazifungui koo wala hazipandishi presha, kwa hiyo msipoteze muda mkingoja kidonge kifanye kazi. Pigeni 999 au 112. Ambulensi ikichelewa, gari lolote lililopo liende hospitali iliyo karibu. Hata akipata nafuu, akae chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, maana dalili huweza kurudi bila kula kitu kingine.

Joto hufanya nini

Kingamwili aina ya IgE, ile inayoleta mzio, huitambua protini kwa umbo lake. Mimea ina protini za jamii ya profilini na za jamii iitwayo PR-10 ambazo umbo lake ni legevu: moto wa kawaida wa sufuria unalivunja, na asidi ya tumbo hulimaliza. Ndiyo sababu mwasho wake kwa kawaida huishia mdomoni, pale chakula kinapopita kabla hakijafika tumboni. Protini nyingine zimejikaza. Kaseini ya maziwa, parvalbumini ya samaki, tropomayosini ya kamba na kaa, protini za akiba ndani ya njugu, na zile za maganda ya matunda zinazofupishwa LTP, unaweza kuzichemsha saa nzima na bado kingamwili ikazitambua.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kwa protini legevu hilo halibadilishi chochote. Kwa maharagwe mekundu linabadilisha, na tutafika huko.

Dalili: midomo, ulimi na kaakaa vinawasha kwa matunda na mboga mbichi tu

Mwasho huanza ndani ya dakika chache tangu tonge la kwanza, pengine na midomo kuvimba kidogo, kisha unapoa wenyewe ndani ya nusu saa hadi saa moja. Tunda lilelile likiwa jamu, au nyanya ikiwa mchuzi, halina shida. Chanzo kinachowezekana zaidi ni chavua, yaani unga wa maua. Mwili uliokwisha kuzoea kupigana na chavua huiona profilini ya tunda, inaifananisha na ile ya nyasi, na kuishambulia pia. Ulizeni basi: je, mtu huyu hupiga chafya, kutoa kamasi jepesi na kuwashwa macho nyasi zinapochanua baada ya mvua za Machi hadi Mei au zile za Oktoba hadi Desemba? Kama ndiyo, fununu zinakubaliana.

Wenye mzio wa chavua ya nyasi hulalamikia zaidi tikiti maji, nyanya, chungwa na ndizi. Makala mengi mtandaoni hutaja tufaha, peasi na karoti mbichi, kwa sababu yameandikwa kwa watu wanaoishi karibu na mti wa betula wa nchi za baridi. Mti huo si wa kwetu. Aliyeishi Ulaya miaka kadhaa anaweza kurudi nyumbani na mzio huo, lakini aliyekulia Kayole asianze kujinyima karoti kwa kusoma orodha ya Wazungu.

Kupunguza makali ni rahisi. Chemsha, oka au weka kwenye mikrowevu mpaka kipande kitoe mvuke hadi katikati. Kupasha moto juu juu huacha katikati kukiwa kibichi. Menya ganda. Mwasho ukianza, tema, sukutua kwa maji, na usiendelee kula ukitumaini kwamba utazoea. Kukausha tunda juani si kulipika. Juisi ya kusagwa nayo ni mbichi, na ni mbaya kuliko tunda lenyewe kwa sababu glasi moja inabeba matunda matatu au manne yanayomezwa kwa mpigo kabla mdomo haujatoa onyo. Ile ya pakiti kwa kawaida imepitishwa kwenye joto, na wengi huivumilia.

Kuna hali nne ambapo mzio huu mdogo huacha kuwa mdogo, na kila mmoja azijue. Ya kwanza ni dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli: asidi ikipungua, protini legevu hufika utumbo ikiwa nzima. Ya pili ni kukimbia au kufanya mazoezi mazito muda mfupi baada ya kula. Ya tatu ni pombe, au vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na aspirini. Ya nne ni kiasi kikubwa kwa wakati mmoja, hasa kikiwa cha kunywa. Maziwa ya soya yanajulikana kwa kuleta matatizo makubwa kwa wenye mzio wa betula. Na mtu akipata mabaka mwilini, kutapika au kifua kubana kwa tunda bichi, hata mara moja, ahesabiwe kuwa na mzio mzito hadi daktari aseme vinginevyo.

Tunda hilo likiwa ndizi, parachichi, papai au kiwi, ongezeni swali moja: je, puto, glavu za mpira au kondomu humletea mwasho au uvimbe? Mpira wa asili una protini inayofanana na za matunda hayo. Wahudumu wa hospitali, wasusi wanaovaa glavu siku nzima na watu waliofanyiwa upasuaji mara nyingi ndio walio katika hatari zaidi. Jibu likiwa ndiyo, daktari wa meno na wa upasuaji waambiwe kabla hawajavaa glavu.

Dalili: ganda ndilo linalosumbua, na kupika hakusaidii

Hapa mshukiwa ni LTP, ambayo hukaa kwa wingi kwenye ganda la pichi, plamu, tufaha na matunda jamaa yake. Joto haliiangushi, wala asidi ya tumbo. Anayepata mabaka au tumbo kumsokota kwa pichi bichi na pia kwa jamu ya pichi yumo kwenye kundi hili. Kumenya husaidia kiasi, lakini si kinga ya kutegemea. Huyu anahitaji vipimo.

Dalili: njugu karanga, samaki, kamba

Njugu zinahitaji maelezo marefu kidogo. Kuchemsha hupunguza nguvu ya mzio wake kiasi, kwa kuwa sehemu ya protini hutoka na kuingia kwenye maji. Kukaanga kwa moto mkavu, kama zile zinazouzwa kwenye karatasi iliyokunjwa kando ya barabara, hufanya kinyume: sukari na protini hushikana na protini inazidi kuwa ngumu kuvunjwa. Kwa hiyo mtoto anayekula njugu za kuchemsha bila shida kisha akavimba kwa zilizokaangwa hasingizii. Lakini msijaribu kumzoesha wenyewe kwa kumpa za kuchemsha. Maji hayo nayo yasitumike kupikia kitu kingine, kwa sababu yana protini ileile. Njugu hujificha pia kwenye mboga iliyoungwa kwa karanga, kwenye unga wa uji wa lishe, na kwenye kinu kinachosaga njugu na unga mwingine kwa zamu.

Samaki: tilapia, mbuta na wengi wengineo wana parvalbumini, na haijali kama samaki amekaangwa, amechemshwa au yumo kwenye mchuzi wa nazi. Mvuke wa sufuria pia hubeba protini hiyo. Mwenye mzio anaweza kupata pumu kwa kusimama tu jikoni. Simameni kidogo mbele ya kibanda chochote cha samaki na mtazame karai. Asubuhi mafuta yamekaangia samaki, mchana yanakaangia viazi. Yamekuwa ya rangi ya kahawia, na chini kuna punje za unga na vipande vya magamba. Chipsi zitakazotoka humo zimebeba samaki, na wala muuzaji hadanganyi akisema hakuna samaki ndani yake. Swali la kuuliza ni hili: "Mafuta haya yamekaanga nini leo?"

Kamba, kaa na jamaa zao wana tropomayosini, nayo hubaki hata kwenye supu. Protini hiyo inafanana na ya mende na ya vijidudu vya vumbi la godoro, kwa hiyo mtu anayepiga chafya nyumbani mwaka mzima anaweza kuwashwa na kamba katika safari yake ya kwanza ya Mombasa.

Dalili: anakula keki, lakini yai la kukaanga linamvimbisha

Hii ni kawaida kwa watoto, na inawachanganya wazazi mno. Ute mweupe wa yai una protini mbili zinazohusika zaidi. Ovalbumini, ambayo ndiyo nyingi, hulegea kwa joto. Ovomukoidi inastahimili. Mtoto anayekataa ile ya kwanza tu huweza kula keki iliyookwa nyuzi 180 kwa dakika 30, ambamo yai limepikwa muda mrefu na kunaswa ndani ya unga wa ngano, lakini akashindwa na yai lililovurugwa haraka au mayai laini. Anayekataa ovomukoidi hushindwa na vyote. Wengi wa watoto wenye mzio wa yai wamo kundi la kwanza, na kuendelea kula kile wanachovumilia ni jambo jema kwao. Kuwanyima keki ambayo haijawahi kuwadhuru hakuna faida.

Angalieni hata hivyo kilichopikwa ni kipi. Mandazi yenye yai hukaa kwenye mafuta dakika chache tu, na katikati hakupati joto la keki. Pankeki nyembamba ndivyo ilivyo pia. Mayai pasua ya mtaani yamechemshwa, lakini bila unga wa kuyanasa, na si sawa na keki hata kidogo. Kupanda kutoka keki hadi yai la kuchemsha kufanywe kwa mpango wa daktari, na kwa mtoto mwenye pumu au aliyewahi kupata dharura, kila hatua ifanyikie hospitalini.

Maziwa yanafuata njia hiyohiyo kwa sehemu. Protini za maji ya mtindi hulegea kwa joto kali, kaseini hailegei, na kaseini ni karibu asilimia 80 ya protini za maziwa. Kwa hiyo chai ya maziwa iliyochemka mara tatu bado ni maziwa kwa mwenye mzio wa kaseini. Msichanganye hili na tumbo kujaa gesi na kuharisha saa kadhaa baada ya glasi ya maziwa, bila mabaka wala uvimbe. Hiyo ni laktosi, sukari ya maziwa, na haina uhusiano na kingamwili. Kuchemsha hakuiondoi, kuyachachusha huipunguza, ndiyo maana mtu yuleyule hunywa maziwa lala bila taabu. Maziwa mabichi ya kupimiwa yachemshwe kwa kila mtu, kwa sababu ya vijidudu kama vile vya brusela.

Dalili zinazofanana na mzio lakini si mzio

Uso kuwa mwekundu na moto, kichwa kugonga, moyo kwenda mbio na ladha ya pilipili mdomoni, dakika 10 hadi saa moja baada ya kula jodari, vibua au dagaa. Wakiwa wawili au watatu mezani wamepata hali hiyo, ni histamini. Bakteria huitengeneza samaki asipowekwa kwenye baridi tangu alipovuliwa, na ikishakuwemo haitoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Samaki wa pwani ana safari ndefu hadi Nairobi. Akae kwenye barafu njia nzima, na nyumbani kwenye friji isiyozidi nyuzi 4. Mtu huyo akila samaki wa aina ileile aliye freshi na asipate kitu, swali limejibika, ila jaribio hilo lisifanywe kabla daktari hajaondoa shaka ya mzio wa kweli.

Nduma inayowasha koo haijaiva. Ndani yake kuna fuwele za kalsiamu oksaleti zenye umbo la sindano, na hizo huchoma kila mtu. Menya kwa glavu au ukijipaka mafuta mikononi, kisha chemsha mpaka kisu kipite katikati bila kukwama. Nanasi nalo huchoma ulimi kwa kimeng'enya chake na asidi yake. Likipikwa kimeng'enya hufa. Ulimi kuuma baada ya kula nusu nanasi si mzio, lakini midomo kuvimba kwa kipande kimoja huenda ikawa.

Upele wenye malengelenge kuzunguka mdomo siku moja hadi tatu baada ya kula embe hutokana na utomvu wa ganda na kikonyo. Wengi wanaopata hivyo hula nyama ya embe bila shida ikiwa mtu mwingine ameliosha, amelimenya na kulikata. Wasilifyonze na ganda. Wamenya viazi vya chipsi huweza kuwashwa mikono na kupiga chafya kwa kiazi kibichi, kisha wakala chipsi hizohizo kwa amani. Glavu zisizo za mpira wa asili zinamaliza shida hiyo.

Na maharagwe mekundu: kutapika vibaya saa 1 hadi 3 baada ya kula yasiyoiva ni sumu iitwayo lektini. Yaloweke saa 5 au zaidi, mwaga maji, kisha yachemke kwa nguvu. Dakika 10 za nyuzi 100 zinatosha kuivunja. Kwa nyuzi zetu 94 chukulieni 30. Hatari iko kwa wanaotumia kile kikapu cha kuhifadhi joto ili kuokoa gesi. Kikapu ni kizuri, lakini maharagwe yaingie humo yakiwa yameshachemka hizo dakika 30 motoni, la sivyo yatalainika na sumu ikiwa ndani.

Mabaka yakitokea saa 3 hadi 6 baada ya nyama choma, usiku wa manane, tajeni kwa daktari kama mtu ameumwa na kupe. Kuna mzio wa sukari iliyo kwenye nyama nyekundu unaoanzia hapo, na moto hauuathiri.

Kabla ya kwenda kliniki

Andikeni kwa wiki mbili: chakula gani, sehemu gani yake, kibichi au kimepikwa vipi na kwa muda gani, kiasi, saa ya kula na saa ya dalili ya kwanza, dawa zilizomezwa siku hiyo, mazoezi, pombe. Pigeni picha za mabaka, kwa kuwa yatakuwa yamekwisha mtakapofika. Dawa za aleji kwa kawaida husimamishwa wiki moja kabla ya kipimo cha ngozi. Za pumu zisiguswe bila idhini.

Kama tatizo ni tunda bichi, beba tunda lenyewe, na ganda lake. Maji ya kupimia yanayotoka kiwandani mara nyingi yamepoteza protini legevu, kwa hiyo kipimo husema hakuna mzio ilhali upo. Daktari anaweza kuichoma sindano kwenye tunda kisha kwenye ngozi, na baada ya dakika 15 hadi 20 uvimbe wa milimita 3 au zaidi kuliko wa maji matupu huhesabika. Kwa njugu, ulizeni kama maabara inaweza kupima protini moja moja: kingamwili dhidi ya protini ya njugu iitwayo Ara h 2 inaashiria mzio mzito, ilhali dhidi ya nyingine iitwayo Ara h 8 pekee kwa kawaida ni wa mdomoni tu. Vipimo vya IgG, kingamwili ya aina nyingine, vinavyouzwa vikiwa na orodha ya vyakula mia moja havithibitishi mzio wowote, na vimewaachisha watu vyakula wanavyovihitaji. Pesa hizo zilipie kipimo cha IgE cha kile chakula kimoja kilicho kwenye daftari.